Husuni Kubwa ya Kilwa

Wamo katika ndugu zetu wanaotamani kwenda Andalusi waione kasri ya al-Hamra, mnara wake na bustani zake, wala hatuwalaumu. Lakini ni wangapi kati yao waliozuru Kilwa Kisiwani?

Humo, juu ya jabali likabililo bahari, yako magofu ya Husuni Kubwa. Jina lasema ngome, kwani asili yake ni hisn ya Kiarabu. Lakini ilikuwa kasri hasa, yenye vyumba zaidi ya 100 vya mawe ya matumbawe, na birika la kuogea la pembe nane. Jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lilionekana humo limechorwa jiweni.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kiasi cha miaka 20 baadaye akaiona Gharnata. Lakini alichokieleza zaidi cha Kilwa si majumba, ni mkono wa sultani huyo, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Hiba. Fakiri wa Yaman alimsimamisha akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda akabadili, akampa zile zile. Kisha akamwongezea pembe za ndovu, na watumwa pia (hilo nalo hatulifichi).

Akafa, akatawala nduguye Daud. Mwombaji akimjia, humjibu kwamba mtoaji amekwisha kufa wala hakuacha kitu.

Neville Chittick alipoichimbua Husuni Kubwa miaka ya 1960, alikuta sehemu ambazo hazikumalizika kujengwa.