Dagaa Wameloa, na Bado Unamwamini Mungu

Mvua ikiwakuta dagaa mwaloni kabla hawajakauka, mchuuzi anajua kilichobaki: waliokuwa kitoweo watauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na rejesho la kikoba liko palepale. Saa hiyo mtu akikuhimiza ushukuru, usijilazimishe. Anza kwa kumweleza Mungu ukweli. Nabii Habakuki anafungua kitabu chake kwa malalamiko. Furaha yake unaikuta mwisho wa sura ya tatu, na hata hapo mavuno hayajapatikana wala mifugo haijarudi. Soma sura zote tatu kwa mkao mmoja, ni fupi. Kisha itaje hasara yako kwa sauti: ndoo ngapi, deni la nani, hofu gani. Kama moyo wako husema Kisukuma, sali kwa Kisukuma.

Msiba ni mzito zaidi, na sisi wa Ziwa Victoria tunaujua. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, na wengi wa waliokufa tuliwazika Igoma, Mwanza. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Fundi mmoja alitolewa hai siku mbili baadaye, tukamshukuru Mungu. Lakini habari ya namna hiyo usimpelekee mfiwa kama faraja. Atajiuliza kwa nini mwanawe hakutolewa, nawe huna jibu. Kaa naye mkekani, chota maji, osha vyombo. Na urudi baada ya arobaini, watu wakishatawanyika, maana hapo ndipo upweke wenyewe unapoanza.

Kumtumaini Mungu hakukatazi kuomba watu. Jumuiya ikikutana, usiishie kusema "mniombee". Sema: nina mgonjwa hospitali ya Bugando, nahitaji mtu wa kukaa naye Jumanne usiku nikalale. Watu wengi wanataka kusaidia, ila hawajui washike wapi. Mdai wako naye mfuate kabla hajakufuata, mpangane upya. Lakini anayekuambia baraka yako inasubiri utoe senti ya mwisho uliyonayo, mwondokee, hata kama ameshika Biblia.

Furaha yenyewe huja kidogo kidogo, na ikija usiifukuze. Mwezi ukiwa mweupe wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa sababu taa zao hazivuti samaki. Hakuna kipato siku hizo, lakini nyavu zinashonwa na mazungumzo yananoga. Aliyefilisika anaruhusiwa kucheka. Aliyefiwa pia anaruhusiwa, na hamsaliti marehemu wake.

Jioni, kabla ya kulala, mtajie mwenzako jambo moja jema la siku hiyo, hata kama ni sato uliyegawiwa na jirani. Usipoliona, mwambie Mungu hivyo hivyo, kisha umwache mwenzako ataje la kwake.