NFC kwenye Simu Yako: Gusisha kwa Akili

Abiria wa kivuko cha Kigamboni akigusisha N-Card getini, au wa basi la Kigali akigusisha Tap&Go, anatumia mawasiliano ya redio ya masafa mafupi. Simu nyingi za siku hizi nazo zina uwezo huo. Kwenye mipangilio utaukuta kwa herufi tatu: NFC.

Inavyofanya kazi

Nyuma ya simu, chini ya mfuniko, kuna waya mwembamba uliozungushwa. Hiyo ndiyo antena, na hutoa mawimbi ya megahezi 13.56. Kadi haina betri. Ikisogezwa karibu, mawimbi hayo huipa umeme kidogo, chipu yake ikaamka na kujibu. Nguvu ya mawimbi hayo hufifia haraka, hivyo kwa kawaida lazima vifaa vikaribiane kwa sentimita 4 hivi. Simu ikigoma kusoma, usikimbilie kulaumu mashine. Sogeza taratibu, huenda antena iko juu karibu na kamera, au kava lako lina chuma.

Ukilipa kwa simu, kwa kawaida namba halisi ya kadi haimfikii mwenye duka. Zinakwenda namba mbadala na msimbo wa kutumika mara moja. Mtu akiunasa msimbo huo baadaye, haumfai kitu.

Wizi unapopitia

Wengi wanamwogopa mwizi wa kupitisha mashine mfukoni mwao kwenye msongamano. Kadi ya plastiki kweli inaweza kukubali malipo madogo bila namba ya siri, lakini mashine ya malipo husajiliwa kwa jina la mfanyabiashara na fedha zake hufuatilika. Sisi tunaona hatari kubwa zaidi ni mwenye kadi kushawishiwa aigusishe mwenyewe.

Ndivyo ilivyotokea Jamhuri ya Cheki. Mwaka 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza programu hasidi iitwayo NGate. Mteja alipata meseji kuhusu marejesho ya kodi, akafuata kiungo na kupakua programu iliyofanana na ya benki. Kisha akapigiwa simu na "mhudumu", akaambiwa akaunti yake imeingiliwa: abadilishe namba ya siri, kisha aweke kadi nyuma ya simu. Kadi ikiwa imetulia pale, simu ilirusha mazungumzo ya chipu kwa intaneti hadi kwenye simu ya tapeli aliyesimama mbele ya ATM. Mashine ikadhani kadi iko pale, na namba ya siri tapeli alikuwa nayo tayari.

Kwa hiyo usiweke kadi nyuma ya simu kwa maagizo ya mtu aliyekupigia, hata akikutajia jina lako kamili. Programu ya benki pakua kwenye duka rasmi la programu, kamwe si kwa kiungo cha meseji. Stika ya NFC ukutani ikikufungulia ukurasa unaodai namba ya siri, ufunge. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kuzima NFC usipoihitaji.

Ukishtuka katikati, ondoa kadi hapohapo, maana ikitoka mazungumzo hukatika. Zima data, kisha kwa simu nyingine piga namba iliyo nyuma ya kadi na uombe ifungwe. Usiifute programu ile kabla ya kuripoti polisi, ni ushahidi.