Dondoo muhimu: Somo la Biblia kwa vijana wa kanisa

Chagua kifungu kimoja tu. Luka 15:11–32, habari ya mwana mpotevu, inatosha kipindi kizima.

Kisomwe kwa sauti mara mbili, kwanza kwa tafsiri ya Union Version, kisha kwa ile ya Habari Njema. Vijana wengi hukwama kwenye Kiswahili cha zamani cha Union Version wakanyamaza, nawe ukadhani wameelewa.

Usianze na mdogo aliyetapanya mali. Huyo wanamjua tangu Shule ya Jumapili. Anza na kaka mtu, aliyerudi kutoka shambani, akasikia ngoma, akagoma kuingia. Uliza: “Ungekuwa wewe, ungeingia?” Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kimya hicho kitakutesa wewe kuliko wao. Mara ya kwanza nilishindwa, nikajijibu mwenyewe, somo likafia hapo. Luka hasemi kama kaka aliingia, basi nawe usiwamalizie.

Wakiona haya, wagawie vikaratasi waandike bila majina. Swali likikushinda, kiri, ulitafute, uje nalo wiki ijayo.

Simu wasizime, wengi Biblia yao imo humo. Na usizidishe saa moja, kwaya inasubiri ukumbi.