Mtoto Hashiki Masomo? Ya Kufanya Kabla ya Tathmini

Mtoto akifika gredi ya tatu na bado sentensi fupi inamshinda, wazazi wa Meru na Embu huwa wa aina mbili. Kuna wanaongoja, wakisema akili itafunguka tu kama ilivyomfungukia mjomba wake. Na kuna wanaotaka kumpeleka Nairobi moja kwa moja, kwa Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, kule Kasarani. Nauli inakosekana, mwaka unaisha, mtoto yuko palepale. Ipo kazi ya miezi miwili mitatu ambayo mzazi anaweza kuianza akiwa Nkubu au Runyenjes, na mtaalamu atakayemwona mtoto baadaye ataishukuru.

Anza na masikio. Simama nyuma ya mtoto hatua mbili tatu, umnong'onezee maneno anayoyajua, kama "mbuzi, kikombe, nane", naye ayarudie. Akibabaika, au kama amewahi kutokwa na usaha masikioni, zahanati ndiyo ya kwanza. Upande wa macho, angalia kama anakosea akinakili ubaoni lakini akinakili kitabuni hana shida. Hospitali za rufaa za Meru na Embu zina kliniki za macho. Ukiwa huko, mweleze daktari kama mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, kama amewahi kupata degedege, malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Na kama huduwaa ghafla kwa sekunde chache, macho wazi lakini hasikii wala hajibu, asichapwe kwa kuzubaa: huenda ni aina ya kifafa, na dawa yake ipo.

Kisha hesabu siku alizokosa shule, tena kwa ukweli. Kule Igembe bei ya miraa ikipanda madawati hubaki wazi. Mbeere ni muguka. Nyanda za juu za Embu kahawa ikiiva mwishoni mwa mwaka kila mkono unahitajika. Mtoto aliyekosa wiki nne za masomo ya kusoma ana pengo, na pengo huzibwa kwa kufundishwa upya. Hilo halihitaji tathmini.

Lugha nayo huwapoteza wengi. Mtoto wa Embu anayeandika "karamu" akimaanisha "kalamu" hana kasoro yoyote, kwa sababu Kiembu hakitofautishi r na l, naye anaandika anavyosikia nyumbani. Vivyo hivyo, kushindwa na kitabu cha Kiingereza peke yake hakuthibitishi kitu. Mpime kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kama ana kitabu chake. Uwezo, mpango ulioanza kupima watoto majumbani Afrika Mashariki mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa India, hutumia ngazi ambazo mzazi yeyote anaweza kuziiga: herufi, maneno, aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha gredi ya pili. Chukua kitabu cha gredi ya pili, shuka ngazi hizo moja moja mpaka ufike pale asipokwama. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni silabi na yeye yuko gredi ya tano.

Jambo moja hapa hata walimu hulipita. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye shida ya kusoma anaweza kusoma kila neno sawasawa, ila kwa kujikokota: "ka-ba... kaba-ti... kabati." Mwalimu anaweka alama ya vyema, kumbe mtoto akifika mwisho wa mstari mwanzo wake umeshamtoka. Msikilize kasi yake, si makosa tu. Halafu msomee wewe hadithi hiyohiyo umuulize maswali. Akijibu vizuri, uelewa wake ni mzima, na shida iko kwenye maandishi. Asipoelewa hata akisomewa kwa lugha ya mama, ni suala jingine, na usichelewe kutafuta tathmini.

Mazoezi yawe mafupi: dakika kumi na tano baada ya chai ya jioni, kila siku. Kata kadi kutoka katoni kuukuu, andika silabi ma me mi mo mu, zichanganywe zijenge mama, mimi, mume. Fundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake. Aandike kwa kidole kwenye mchanga huku akitamka. Rula iwekwe chini ya mstari anaousoma ili macho yasirukeruke. Hesabu ni njahi mezani, mafungu ya kumi kumi, na chenji ya dukani. Asisimamiwe na mdogo wake anayemshinda. Afadhali binamu mkubwa mwenye subira.

Wavulana wana muda wao, na huku kwetu tunaujua. Akishatahiriwa, kijana hataki kuonekana na kitabu cha gredi ya pili mbele ya mama na dada zake. Kazi hii ifanyike mapema, kabla ya likizo ya Desemba ambapo wavulana hutahiriwa.

Kila Jumamosi andika kwenye daftari mistari mitatu: alichoweza, alipokwama, dakika alizovumilia. Nenda nalo kwa mwalimu wa darasa, usianze na lawama. Mwambie tu, "Mwalimu, akisomewa anaelewa, akisoma mwenyewe anapotea. Naomba akae mbele, na aulizwe kwa mdomo pia." Akichapwa au kuitwa mjinga, jua kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko na unyanyasaji wa kiakili.

Baada ya miezi miwili mitatu, kama daftari halionyeshi kusogea, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo uulize kituo cha tathmini, EARC. Vituo hivi vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark, na kaunti zote mbili zinavyo. Beba cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki, ripoti za shule, madaftari ya mtoto na lile lako. Tathmini ikithibitisha shida, omba mapendekezo kwa maandishi na nakala yake umpe mwalimu mkuu kabla ya usajili wa mitihani ya KNEC, kwa sababu maombi ya muda wa ziada hupitia shuleni, na usajili ukifungwa ni vigumu kuyaingiza.