Mitishamba katika Chakula cha Sato wa Kufugwa: Somo kwa Watoa Huduma za Afya na Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama

Mnunuzi wa sato sokoni Musoma hufunua matamvua ya samaki akatazama wekundu wake, hubonyeza nyama kwa kidole, kisha hupatana bei. Ni nadra aulize samaki huyo alilishwa nini. Zamani swali hilo lisingekuwa na maana, kwa kuwa ziwa ndilo lililowalisha samaki wote. Leo ufugaji katika vizimba na mabwawa unaenea katika ukanda wa Ziwa Victoria, na mwezi Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti na vizimba kwa wavuvi wa ziwa hilo. Samaki wa kizimba hula anachopewa. Kwa sababu hiyo chakula chake, pamoja na dawa inayochanganywa ndani yake, ni suala la afya ya binadamu, na linastahili kujadiliwa katika jarida hili.

Samaki anayezungumziwa hapa hasa ni sato, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis niloticus. Huyu si mwenyeji wa asili wa Ziwa Victoria, kwani alipandikizwa humo katika miaka ya 1950, kipindi kilekile alichoingizwa sangara. Ni samaki mstahimilivu, hukua upesi katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30, na hula karibu kila kitu. Ustahimilivu huo una mpaka. Wanaposongamana mamia kwa mamia ndani ya wavu mmoja, mabaki ya chakula na kinyesi huongezeka, oksijeni hupungua, na ngozi zao huchubuka kwa kukwaruzana. Bakteria wa jamii ya Aeromonas na Streptococcus, ambao kwa kawaida humo majini wamo, hupata mlango. Mfugaji huona samaki wenye vidonda, macho yaliyotokeza, matumbo yaliyofura, au wanaozunguka juu ya maji kana kwamba wamelewa.

Kidonge cha duka la dawa na safari yake

Katika hali hiyo kishawishi cha kwanza ni antibiotiki. Oksitetrasaiklini hupatikana kwa urahisi, na wapo wafugaji wanaoponda hata vidonge vilivyobaki nyumbani baada ya mgonjwa kupata nafuu, wakavichanganya na pumba. Tendo hili linaonekana dogo, lakini tulifuate hadi mwisho wake.

Samaki mgonjwa hupoteza hamu ya kula. Kwa hiyo dawa iliyomo katika chakula humezwa zaidi na samaki walio wazima, na sehemu isiyoliwa hupenya matundu ya wavu ikaingia ziwani. Hata ile iliyomezwa, sehemu yake hutolewa na samaki ikiwa bado ni dawa. Bakteria waliomo majini na kwenye tope hukutana na dozi ndogo isiyotosha kuwaua. Walio dhaifu hufa, wenye vinasaba vya usugu hubaki na kuzaana, na baya zaidi ni kwamba vinasaba hivyo vinaweza kuhama kutoka bakteria wa aina moja hadi wa aina nyingine. Usugu uliozaliwa kwa kimelea cha samaki unaweza kumfikia kimelea cha binadamu.

Mtoa huduma wa Mkoa wa Mara hapaswi kuliona jambo hili kuwa la mbali. Oksitetrasaiklini ni ndugu wa doksisaiklini, dawa tunayoitegemea katika matibabu ya kipindupindu, na Mara ni mkoa uliokwisha kupambana na ugonjwa huo. Maji ya ziwa lilelile lenye vizimba ndiyo yanayonywewa na wakazi wa pwani yake. Duniani kote, usugu wa vimelea dhidi ya dawa, unaojulikana nchini kwa kifupi cha UVIDA, ulikadiriwa kuwa chanzo cha moja kwa moja cha vifo milioni 1.27 katika mwaka 2019 pekee. Mpango Kazi wa Taifa wa kukabiliana na tatizo hilo, ulioanza mwaka 2017, uliwaweka pamoja watu wa afya ya binadamu na wa mifugo kwa sababu hii hasa.

Upo pia upande wa riziki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisitisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya matumizi ya viuatilifu katika uvuvi. Soko lilifungwa kwa wote, kwa mwenye hatia na asiye na hatia.

Mitishamba inaweza nini?

Kinga ya samaki hutegemea sana ulinzi wa kuzaliwa nao: ute wa ngozi, chembe nyeupe zinazomeza vimelea, na vimeng'enya vinavyovunja kuta za bakteria. Mimea kadhaa, ikitolewa kwa kiasi kidogo katika chakula, huuchochea ulinzi huo kabla ugonjwa haujaingia. Maneno hayo ya mwisho yashikwe vizuri. Mitishamba katika chakula cha samaki ni kinga zaidi kuliko tiba, na anayeianza siku samaki wameanza kuelea amechelewa.

Mmea uliochunguzwa sana ni kitunguu saumu. Utafiti wa Misri uliochapishwa mwaka 2006 ulililinganisha zao hilo na kloramfeniko katika chakula cha sato. Kiasi cha gramu 30 za kitunguu saumu kwa kila kilo ya chakula kilileta ukuaji mzuri na vifo vichache. Ulinganisho huo una uzito kwa tabibu, maana kloramfeniko haipaswi kabisa kutumiwa kwa mnyama wa kuliwa, kwa kuwa inaweza kuufanya uboho wa binadamu ushindwe kutengeneza damu.

Kinachofanya kazi katika kitunguu saumu ni alisini, nayo haimo katika punje nzima. Hutengenezwa punje inapopondwa, kimeng'enya kilichomo kinapokutana na kiini chake. Moto hukiharibu kimeng'enya hicho. Kwa hiyo anayechemsha punje nzima kisha kumwagia samaki mchuzi amepoteza muda na kuni. Menya, ponda, acha kwa dakika kumi, changanya na mafuta kidogo ya kula, paka kwenye chakula cha tembe, kisha anika kivulini. Tayarisha cha kutosha siku moja au mbili tu.

Chukua mfano wa kizimba kidogo chenye sato 300, kila mmoja akiwa na uzito wa gramu 200. Jumla ni kilo 60. Wakilishwa asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, watahitaji kilo 1.8 za chakula. Mfugaji akianza kwa kiasi cha wastani cha gramu 20 kwa kilo, atahitaji gramu 36 za kitunguu saumu kila siku. Hilo ni jambo la mizani ya jikoni, wala si la kukisia kwa kiganja. Inafaa pia kutoa kwa vipindi, wiki kadhaa kisha mapumziko, kwani kinga inayochochewa bila kupumzika huweza kuchoka.

Majani ya mlonge nayo yana sifa nyingi, nyingine zimepita kiasi. Yana protini nyingi, lakini yana pia saponini na vitu vingine vinavyozuia mmeng'enyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa majani mabichi yaliyokaushwa na kusagwa yanaweza kuchukua nafasi ya takriban asilimia 10 ya protini ya chakula cha sato bila madhara, na kwamba ukuaji hushuka kiasi kikizidi hapo. Tangawizi na manjano pia yamejaribiwa, na yana matumaini.

Si kila cha asili ni salama

Wazee wa nchi hizi waliujua utupa. Waliutwanga, wakaumwaga katika kijito, na samaki wakaelea. Rotenoni iliyomo katika baadhi ya mimea hiyo huzuia chembe za mwili kutumia oksijeni. Utupa ni mtishamba kama mitishamba mingine, na ni sumu. Mwarobaini, unaosifiwa kwa maradhi arobaini, unaweza kuwadhuru samaki ukimwagwa bwawani kwa wingi. Huko Bunda, nchi ya pamba, mashudu ya pamba ni chakula cha bei nafuu, lakini yana gosipoli, ambayo ikizidi hudhoofisha ukuaji na uzazi wa samaki. Na pumba zilizoota ukungu hubeba sumukuvu inayoharibu ini. Hakuna kitunguu saumu kitakachoisafisha.

Tena maradhi mengine ni ya virusi. Kirusi cha sato kinachojulikana kwa kifupi cha TiLV kiliripotiwa mwaka 2018 katika samaki wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini. Hakimdhuru binadamu, lakini antibiotiki haikigusi. Na samaki wanapokufa wote alfajiri moja huku wakitweta juu ya maji, tuhuma ya kwanza iwe ni ukosefu wa oksijeni. Hapo mwenye kuponda kitunguu saumu anahangaika bure. Apunguze samaki, asitishe chakula, na amwite afisa uvuvi ili sampuli ifike maabara kabla haijaoza.

Mfugaji atajuaje kama mtishamba umemfaa? Vifo vilivyopungua baada ya kuutumia havitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa huenda maji yalibadilika yenyewe. Awe na vizimba viwili vyenye samaki wa umri mmoja na idadi moja, kimoja kipewe mtishamba na kingine kisipewe, na vifo viandikwe daftarini kila siku. Katika Butiama, ambako mfugaji mmoja anaweza kuwa na bwawa moja tu, wavu wa kuligawa bwawa humsaidia kwa sehemu, ingawa maji hubaki yaleyale.

Katika chumba cha daktari

Wagonjwa wanaotumia wafarini huuliza kama sato aliyelishwa kitunguu saumu atawadhuru. Kiasi kinachobaki katika minofu ni kidogo mno. Tahadhari yao ielekezwe kwenye vidonge na dozi kubwa za kitunguu saumu wanachokula wenyewe. Aliyetumia antibiotiki kwa samaki chini ya maelekezo ya mtaalamu asubiri idadi ya siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvua na kuuza. Samaki apikwe akaiva. Mwaka 2015 nchini Singapore watu waliugua vibaya, wakiwamo waliokuwa na afya njema, baada ya kula samaki wabichi wa maji baridi waliobeba Streptococcus agalactiae.

Mgonjwa mwenye kidonda cha mkono kisichopona aulizwe kazi yake. Mwiba wa pezi la sato unaweza kupandikiza Aeromonas, au Mycobacterium marinum ambayo huota polepole kwa wiki nyingi na haisikii dawa za kawaida za vidonda. Na yule aingiaye bwawani miguu mitupu kila asubuhi, akilalamika tumbo na kinyesi chenye damu, apimwe kichocho siku hiyohiyo.