Dondoo muhimu: Grupu la darasa lisigeuke kijiwe

Mwalimu wa Buguruni, Dar es Salaam, ukitaka WhatsApp ikusaidie kufundisha, zingatia haya:

1. Unganisha namba za wazazi kwenye grupu. Wanafunzi hawaji na simu shuleni.
2. Weka admini pekee ndio watume. Fungua saa moja hadi saa mbili usiku kwa maswali. Grupu likiachwa wazi, hesabu za sehemu zitafunikwa na salamu za asubuhi na matangazo ya mikopo.
3. Piga picha ubao kabla haujafutwa. Video ndefu humaliza bando la mzazi.
4. Vitabu chukua Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), mitihani iliyopita tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). PDF zinazozunguka ovyo ziache.
5. Mwanafunzi kiziwi (Buguruni kuna shule ya viziwi) usimtumie sauti. Rekodi lugha ya alama, uso na mikono vikiwa kwenye mwanga, nyuma yako pasiwe na pazia la maua.
6. Alama za mtoto mtumie mzazi wake peke yake. Kuwaanika walioshika mkia ni udhalilishaji, hata ukiuita hamasa.
7. Nyumbani hakuna simu janja? Kazi hiyohiyo ibandike darasani.