Mwambie Mtabiri Maji Yanakoingia
Kijitabu cha wafanyabiashara na wakazi wa Marikiti na Mji wa Kale, Mombasa

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, mara nyingi hutaja kiasi: zaidi ya milimita 20 ndani ya saa 24. Milimita 20 ni lita 20 kwa kila mita mraba. Paa la mita 10 kwa 10 humwaga lita 2,000, yaani mitungi 100 ya lita 20, na yote huangukia uchochoro ambao mkokoteni ukipita watu hujibanza ukutani.

Mtabiri anaijua mvua inayokuja. Asichokijua ni kwamba muuza mchicha hutandaza mali chini juu ya gunia, au kwamba iliki na bizari zikipata unyevu huota ukungu hata kama hazikuguswa na tone. Hayo mnayajua ninyi.

Mvua moja, hasara mbalimbali

Mwenye duka la kanga Biashara Street hupandisha mali rafu ya juu, akafunga, akalala. Mama mboga hana rafu. Hamali hulipwa kwa mzigo, na asubuhi ya mafuriko hakuna mzigo. Kwa mzee anayeishi peke yake chumba cha chini Mji wa Kale, karo likifurika, maji machafu humkuta kitandani, na maji hayo huleta kuhara na kipindupindu. Huyo ndiye wa kutajwa kwanza, kwa sababu mara nyingi hana wa kumsemea.

Usisahau bamvua

Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na alasiri. Mtaro unaomwaga baharini, mdomo wake ukifunikwa, hauna pa kumwaga. Mvua ya kawaida ikiangukia saa hiyo, mitaa ya chini hufurika kama kwa mvua kubwa. Wavuvi wa Bandari ya Kale wanalielewa hili vizuri, waulizwe.

Kwa nini useme

Mwaka 2015 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa mwongozo unaozitaka idara za hali ya hewa zieleze mvua itafanya nini, si itakuwa kiasi gani tu. Haiwezekani kufanya hivyo kutoka Nairobi bila kusikia kutoka sokoni. Utabiri wa El Niño wa 2023 ulitangazwa mapema, lakini utabiri wa msimu haumwambii muuza nyanya ni asubuhi ipi asishushe makreti.

Maji yakiingia, andika saa yalipoingia, yalifika wapi (kifundoni, gotini, ngazi ya pili), mvua ilianza lini, bahari ilikuwa imejaa au imekupwa, na nani alipoteza nini. Piga picha ya alama ukutani kabla haijafutika. Sema pia tahadhari ilikufikia kwa njia gani, redio, simu au msikitini, na kama ilikuja ungali na muda wa kuhamisha mali.

Mpe habari hizo mwenyekiti wa soko au mzee wa mtaa azifikishe kwa ofisi ya hali ya hewa ya Kaunti ya Mombasa. Anzeni sasa, kabla ya masika.